Kisigino Kinachouma Kila Asubuhi: Kutambua Chanzo na Kutafuta Tiba kwa Wanaotembea Juu ya Makoro ya Goma

Mkazi wa Katoyi au Ndosho, mitaa ya mji wetu wa Goma, mashariki mwa Kongo, anaamka kabla ya jua, anashusha miguu kitandani, na hatua ya kwanza inamchoma chini ya kisigino kana kwamba amekanyaga msumari. Anashika ukuta, anachechemea mpaka mlangoni, na baada ya hatua ishirini au thelathini uchungu unalegea, hata akifika kazini anaweza kuusahau. Akikaa saa moja kisha akasimama, unamshika upya, na jioni, baada ya siku nzima ya kusimama, kisigino kizima kinapwita. Mwenendo huo, yaani uchungu mkali katika hatua za mwanzo, nafuu katikati, na kurudi mwishoni mwa siku, ndio alama kubwa ya ugonjwa ambao madaktari wetu huuandika kwa Kifaransa « fasciite plantaire » au « aponévrosite plantaire », na ambao hapa nitauita fasiiti ya unyayo.

Ninaandika mwongozo huu kwa sababu mimi mwenyewe nilikaa na maumivu hayo miezi kumi na moja, nikifundisha nimesimama juu ya sakafu ya saruji, na sehemu kubwa ya miezi hiyo niliipoteza nikitibu kitu ambacho hakikuwa chanzo. Ninaomba msomaji alishike jambo moja tangu mwanzo: huu ni ugonjwa wa mzigo uliozidi nguvu ya mguu, na tiba yake ni kupunguza mzigo kwa muda huku nguvu ya mguu ikiongezwa pole pole. Vidonge, sindano na barafu vina nafasi yake, lakini nafasi hiyo ni ndogo kuliko wengi tunavyodhani.

Kinachoumia ni nini hasa

Chini ya unyayo kuna utepe mnene na mgumu unaoanzia kwenye mfupa wa kisigino, upande wa ndani, ukapita chini ya mvungu wa unyayo na kugawanyika mpaka kwenye mashina ya vidole vyote vitano. Kazi yake ni kuushikilia mvungu usishuke. Kila unapoinua kisigino ili kupiga hatua, vidole vinakunjwa kwenda juu, utepe unavutika na kukaza, na mguu unapata ugumu wa kuweza kuisukuma ardhi. Mtu anayepiga hatua elfu kumi kwa siku anauvuta utepe huo mara elfu tano katika kila mguu. Mvuto huo ukizidi uwezo wake kwa wiki au miezi, nyuzi zake zinachakaa pale zinaposhikamana na mfupa, na mwili hauwahi kuzijenga upya kabla hazijavutwa tena. Usiku vidole vinapoelekea chini, utepe unalegea na kufupika. Asubuhi uzito wote wa mwili unaunyoosha mara moja, na hapo ndipo unapolia.

Jina la ugonjwa limewapotosha wengi, kwa maana mwisho wa neno hilo katika lugha ya utabibu humaanisha uvimbe wenye joto, kama ule wa jipu au wa jeraha. Vipande vya utepe vilivyochunguzwa kwa hadubini baada ya upasuaji vimeonyesha zaidi uchakavu wa nyuzi kuliko uvimbe. Ndiyo sababu mtu anaweza kumeza dawa za kupunguza uvimbe kwa miezi mitatu na bado akaamka akichechemea.

Ugonjwa huu unampata takriban mtu mmoja katika kila kumi wakati fulani wa maisha yake, na wanaosumbuliwa zaidi ni wenye umri wa kati ya miaka 40 na 60. Huwashika hasa wenye uzito mkubwa, wanaosimama kutwa mahali pagumu, wakimbiaji, wenye mvungu wa unyayo ulioshuka au ulioinuka kupita kiasi, na, zaidi ya yote, wale ambao mashavu ya miguu yao yamekaza kiasi kwamba kifundo hakikunjiki vizuri kuelekea juu. Mtu mwembamba wa miaka 25 naye anaweza kuupata endapo atabadilisha kazi ghafla.

Katika mji wetu mambo mengi ya namna hiyo yamekutana. Mlipuko wa volkano ya Nyiragongo wa tarehe 17 Januari 2002 ulipitisha lava katikati ya Goma mpaka ziwani, na watu walijenga upya juu ya mwamba huo huo, kwa hiyo mitaa mingi ya ndani mpaka leo ni makoro matupu, yaani mawe ya lava iliyoganda: ardhi isiyobonyea, yenye kingo na mashimo, ambayo mguu unaipigania kila hatua. Juu yake tunatembea na kandambili nyembamba. Mama anayechota maji ziwani anabeba bidoni la lita 20 mgongoni, yaani kilo 20 zinazoongezwa kwenye kila hatua yake. Mwendesha chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo, huweka goti moja juu ya mbao na kuisukuma ardhi kwa mguu mwingine uleule, mamia ya mara, na penye kilima husukuma mzigo wote kwa vidole vya miguu. Mfanyabiashara wa soko la Virunga husimama tangu asubuhi mpaka jua linapozama. Sisemi kwamba makoro yanaleta ugonjwa peke yake, kwa sababu majirani wengi wanatembea juu yake bila kuumwa. Nasema yanapunguza nafasi ya kukosea.

Jinsi ya kuhakikisha kwamba ndio wenyewe

Kaa kitini, pandisha mguu unaouma juu ya goti la pili, na ubonyeze kwa kidole gumba cha mkono sehemu ya mbele ya kisigino, upande wa ndani, pale nyama ngumu ya kisigino inapoishia na mvungu unapoanza. Katika fasiiti ya unyayo, mahali hapo pana nukta moja inayouma sana kuliko sehemu nyingine zote. Kisha vuta kidole gumba cha mguu kuelekea juu kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine papasa mvungu: utauhisi utepe umekaza kama kamba ya kuanikia nguo, na huenda uchungu wako ukaamka palepale. Ukiwa na alama hizo mbili pamoja na ule mwenendo wa asubuhi, uwezekano ni mkubwa kwamba umeutambua ugonjwa wako bila picha yoyote. Ekografia, yaani picha ya mawimbi ya sauti, ikifanywa, huonyesha utepe uliozidi unene wa milimita 4, lakini kwa kawaida daktari anayeuliza vizuri na kubonyeza vizuri haihitaji.

Kuhusu « mwiba » unaoonekana katika picha

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo nilipopotea mimi. Mgonjwa anapelekwa kupigwa picha ya mifupa, na inaonekana ncha ndogo ya mfupa chini ya kisigino, ambayo kwa Kifaransa huitwa « épine calcanéenne ». Neno « épine » ni mwiba, na likishatafsiriwa hivyo masikioni mwa mgonjwa, yeye huona kwa akili yake mwiba unaomchoma kutoka ndani kila anapokanyaga, na hawezi kuamini kwamba atapona bila kukatwa. Mimi niliambiwa hivyo, nikaacha kila kitu nikaanza kutafuta fedha za upasuaji.

Ukweli ni kwamba watu wengi wenye ncha hiyo hawana maumivu yoyote, na watu wengi wenye maumivu hawana ncha hiyo. Wagonjwa wanaopona hupona huku ncha ikiwa palepale. Picha ina maana pale tu daktari anaposhuku ufa wa mfupa, uambukizo au uvimbe mbaya. Kwa hiyo ukiwa na picha yenye « mwiba », usiiogope.

Maumivu yasipofuata mwenendo huo

Si kila kisigino kinachouma kina fasiiti, na kutibu kisichokuwepo ni kuupa ugonjwa halisi muda wa kukua.

Ikiwa uchungu uko katikati kabisa ya kisigino, kama jeraha la kupigwa, unazidi unapotembea pekupeku juu ya saruji au makoro, na asubuhi hauna ukali wa pekee, huenda kilichoumia ni mto wa mafuta unaokaa chini ya mfupa wa kisigino. Mto huo hupungua unene kwa uzee, au hupondeka mtu akiruka kutoka juu na kutua kwa kisigino. Tiba yake ni kitu laini chini ya kisigino, na mazoezi ya kunyoosha hayatausaidia sana.

Ikiwa kisigino kinauma ukikibana kwa viganja viwili kutoka kushoto na kulia, na uchungu unaongezeka kadiri unavyotembea badala ya kupungua, fikiria ufa wa mfupa. Huwapata wanaoanza ghafla kukimbia au kutembea safari ndefu, na pia wenye mifupa iliyodhoofika. Acha kuukanyagia mguu huo na umwone daktari, ukijua kwamba picha ya wiki za kwanza inaweza kutoonyesha kitu.

Ikiwa kuna ganzi, au uchungu wa kuwaka moto, au kama sindano ndogo ndogo zinazosambaa kuelekea vidoleni, hasa ukigongagonga nyuma ya kifundo upande wa ndani, tatizo laweza kuwa neva iliyobanwa. Maumivu yanayoshuka kutoka kiunoni kupitia nyuma ya paja yana asili yake mgongoni. Ganzi ya miguu yote miwili kama soksi inadai kipimo cha sukari katika damu.

Uchungu wa nyuma ya kisigino, pale kiatu kinaposugua, ni wa kano ya kisigino. Mlio wa kukatika uliofuatwa na uvimbe na wekundu au weusi chini ya mvungu ni utepe uliopasuka. Hapo mazoezi yote yaliyo hapa chini yanasimama mpaka daktari aone.

Kijana wa chini ya miaka 40 anayeumwa visigino vyote viwili, ambaye pia kiuno chake kinakakamaa asubuhi kwa zaidi ya nusu saa na kulegea anapotembea, au ambaye maumivu yalianza wiki chache baada ya kuhara sana au baada ya ugonjwa wa zinaa, anaweza kuwa na ugonjwa wa viungo wa mwili mzima. Amweleze daktari mambo hayo yote kwa pamoja, hata kama anaona haya, kwa sababu kisigino peke yake hakitamfunulia.

Mtoto wa miaka 8 mpaka 14 anayecheza mpira na kulalamika kisigino karibu daima ana tatizo la sehemu ya mfupa ambayo bado inakua. Hupita akipunguza kuruka na kukimbia kwa muda. Lakini mtoto mwenye ugonjwa wa seli mundu, ambao ni wa kawaida katika nchi yetu, akipata uchungu wa mfupa pamoja na homa, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Vivyo hivyo mtu mzima mwenye kisigino chekundu, chenye joto na homa, au mwenye kidonda, au mwenye uchungu usiotulia hata usiku akiwa amelala, au anayekonda bila sababu. Mwenye kisukari asisubiri hata wiki moja.

Kupunguza mzigo bila kulala kitandani

Kosa langu la pili lilikuwa mapumziko. Nililala wiki tatu za likizo, uchungu ukapungua, nikatembea kwa furaha mpaka Mugunga na kurudi, na kesho yake nilikuwa vibaya kuliko mwanzo. Utepe usiofanya kazi unazidi kudhoofika, na mzigo wa kawaida unageuka kuwa mkubwa kwake. Kinachotakiwa ni kushuka mpaka kiwango ambacho kesho yake asubuhi uchungu hauzidi wa jana, kisha kupanda kutoka hapo.

Anza na viatu. Usikanyage sakafu pekupeku hata kwa hatua tatu za kwenda chooni. Viatu vya asubuhi vikae kando ya kitanda. Kiatu kizuri kwa ugonjwa huu kina kisigino kilichoinuka sentimita 2 au 3, nyuma pagumu pasipobonyea, na soli inayokunjika penye vidole tu. Unaponunua viatu vya mitumba, kishike kiatu mbele na nyuma, ukikunje: kikikunjika katikati kama kitabu, kirudishe. Bonyeza pia soli ya raketi, yaani kiatu cha michezo, kwa kidole gumba. Sponji iliyochoka haibonyei wala hairudi, hata kama kiatu kinang'aa kwa juu. Mwenye uwezo mdogo anaweza kumwomba fundi wa viatu akate kipande cha sponji ngumu chenye unene wa karibu sentimita 1, akiweke ndani chini ya kisigino, katika viatu vyote viwili ili kiuno kisipinde. Soli maalumu za kupimwa mguu hazijaonekana kushinda kwa mbali zile za kawaida zilizo tayari, kwa hiyo usiuze mbuzi kwa ajili yake.

Mfanyabiashara wa sokoni atandike katoni mbili au kipande cha zulia mahali anaposimama, na akae kila anapokosa mteja. Mchota maji abebe nusu bidoni mara mbili. Mwendesha chukudu azoee kubadilisha mguu unaosukuma, ingawa najua mwanzoni unampunguzia mwendo, na penye kilima aombe msukumaji wa pili kwa wiki chache. Mwalimu aandike ubaoni kwa muda mfupi na asahihishe madaftari ameketi. Anayekimbia asubuhi kando ya ziwa aache kukimbia kwanza, atembee, kisha arudi kwa dakika chache chache. Kuhusu uzito wa mwili, kila kilo inayopungua ni kilo ambayo utepe hauibebi, lakini mtu hawezi kukonda kwa wiki mbili, kwa hiyo hili lifanyike sambamba na mengine bila kulisubiri.

Mazoezi, ambayo ndiyo tiba yenyewe

La kwanza hufanywa kabla ya kushuka kitandani. Pandisha mguu unaouma juu ya goti la pili, shika vidole vyote kwenye mashina yake, uvivute kuelekea ugoko mpaka uhisi mvungu umekaza, shikilia kwa sekunde 10, uachie. Rudia mara 10. Asiyefikia vidole vyake, kwa sababu ya tumbo au ujauzito, apitishe kikwembe, yaani kitambaa cha kujifunga, mbele ya unyayo na kukivuta kwa mikono miwili huku goti limenyooka. Zoezi hili hufanywa mara tatu kwa siku, na muhimu kuliko zote ni ile ya kabla ya hatua ya kwanza.

La pili ni la mashavu ya miguu. Simama ukitazama ukuta, mguu unaouma ukiwa nyuma, kisigino kikiwa kimegusa sakafu na vidole vimeelekea mbele, uegemee ukuta mpaka shavu la mguu livutike, kwa sekunde 30, mara tatu. Rudia ukiwa umekunja goti la nyuma kidogo, kwa maana kuna msuli wa ndani usiofikiwa goti likiwa limenyooka.

La tatu ndilo wengi hawalijui, na ndilo lililoniponya. Utafiti wa Rathleff na wenzake uliofanyika Denmark na kuchapishwa mwaka 2014 uliwalinganisha wagonjwa 48: kundi moja lilifanya zoezi la kunyoosha, lingine lilifanya zoezi la kujenga nguvu, na baada ya miezi mitatu kundi la nguvu lilikuwa na nafuu kubwa zaidi, ingawa baada ya mwaka mmoja makundi yote mawili yalikuwa yamefikiana. Zoezi lenyewe halihitaji chombo. Kunja kikwembe au taulo kiwe mviringo, ukiweke juu ya ngazi au jiwe imara lililo bapa, usimame kwa mguu unaouma vidole vikiwa juu ya mviringo huo ili vikunjwe kwenda juu, kisigino kikining'inia nje. Shika ukuta. Panda kwa sekunde tatu, baki juu kwa sekunde mbili, shuka kwa sekunde tatu. Fanya mara 12, pumzika, na urudie mpaka yatimie mafungu matatu. Zoezi hili hufanywa siku moja, siku ya pili yake mguu unapumzika, kwa sababu nyuzi hujengwa wakati wa mapumziko. Baada ya wiki mbili vaa mgongoni begi lenye vitabu au chupa za maji, punguza mpaka mara 10 lakini mafungu manne. Baada ya wiki mbili nyingine ongeza uzito tena, mara 8, mafungu matano.

Asiyeweza kupanda kwa mguu mmoja aanze kwa miwili. Uchungu kidogo wakati wa zoezi unaruhusiwa. Ukiupima kutoka 0 mpaka 10, usivuke 5, na asubuhi inayofuata ndiyo itakayokuambia kama ulizidisha. Mwenda polepole katika zoezi hili anapata faida ambayo mwenye haraka haipati, kwa sababu kupanda na kushuka upesi ni mikupuo tu, na utepe unahitaji mzigo mzito unaokaa.

Dawa, barafu, na mambo ya kuepuka

Barafu hutuliza. Chupa ya maji yaliyoganda ikibiringishwa chini ya mvungu kwa dakika 10 jioni inafaa sana, na umeme ukikosekana, maji baridi yanatosha kwa kiasi chake. Mwenye ganzi miguuni asitumie barafu wala moto. Parasetamoli inaruhusiwa kwa mtu mzima bila kuvuka gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na mwenye ugonjwa wa ini aulize kwanza. Ibuprofeni na diklofenaki zinaweza kusaidia siku chache baada ya chakula, lakini haziwafai wenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, shinikizo la damu lisilodhibitiwa, wala wajawazito bila ruhusa ya daktari.

Ninawasihi wasomaji kuhusu prednisoloni na deksamethasoni, ambazo mara nyingine huchanganywa na vidonge vingine na kutolewa dukani kama « dawa ya viungo ». Zinafuta uchungu upesi, mtu anazipenda, anarudi kuzinunua, na baada ya miezi uso umevimba, sukari imepanda, mifupa imedhoofika na kinga ya mwili imeshuka. Ukipewa vidonge bila jina, uliza jina. Ikiwa umezitumia kwa wiki nyingi, usiziache kwa ghafla. Daktari atakupunguzia hatua kwa hatua.

Wapo wanaokanyaga tofali la moto na wanaochanjwa kisigino kwa wembe. Moto huacha malengelenge na chale huingiza vijidudu mahali ambapo mtu anakanyagia vumbi siku nzima, na utepe ulio ndani haufikiwi na chochote kati ya hivyo.

Umefuata kila kitu na bado unaumwa

Ukiwa katika wiki ya tatu, bado ni mapema. Nafuu huanza kuhisiwa kati ya wiki ya nne na ya kumi na mbili, na wagonjwa wanane mpaka tisa kati ya kumi hupona bila upasuaji ndani ya mwaka mmoja. Badala ya kujiuliza kila siku kama umepona, andika kila Jumapili namba ya uchungu wa hatua ya kwanza. Mstari unaoshuka kutoka 8 hadi 6 kwa mwezi hauonekani kwa macho ya kila siku, lakini ni kupona.

Ikiwa mchana uko vizuri lakini asubuhi haibadiliki, angalia unavyolala. Blanketi zito linalobana vidole kuelekea chini, au kulala kifudifudi, huufupisha utepe usiku kucha. Ning'iniza nyayo nje ya ukingo wa godoro. Kuna pia kifaa cha kuvaa usiku kinachoshika kifundo katika pembe mraba, na mtaalamu wa kinesiterapi, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, anaweza kukuelekeza namna ya kukipata au kukufunga plasta chini ya mvungu kwa siku za kazi nzito.

Ikiwa kisigino cha pili kimeanza, huenda umekuwa ukichechemea na kuutupia mguu uliokuwa hauumi uzito wote. Fanya mazoezi kwa miguu yote miwili.

Ikiwa ulichomwa sindano ya kortizoni ndani ya kisigino, ukapata nafuu ya mwezi mmoja, kisha uchungu ukarudi, hilo ndilo linalotokea mara nyingi. Sindano hiyo hutuliza kwa muda mfupi, na ikirudiwa inaweza kuula mto wa mafuta au kuudhoofisha utepe mpaka upasuke. Mtu anayeipokea aitumie ile nafuu kuanza mazoezi, na asikubali kuchomwa mara kwa mara na mtu yeyote anayeahidi kwamba ya tatu au ya nne itamaliza kazi.

Baada ya miezi sita ya mazoezi ya kweli bila mabadiliko, rudi kwa daktari wa mifupa, ukiwa na yale maandishi yako ya kila Jumapili, orodha ya dawa zote ulizomeza, na viatu unavyovaa kazini, kwa kuwa uchakavu wa soli yake unamwonyesha unavyokanyaga. Atayapitia upya magonjwa mengine niliyoyataja, na hapo ndipo ekografia, kipimo cha sukari na vipimo vya damu vinapokuwa na maana. Tiba ya mawimbi ya mshtuko inasaidia baadhi ya watu pale inapopatikana. Upasuaji wa kuukata utepe kwa sehemu huwekwa mwisho kabisa, na daktari mwangalifu atakuuliza kwanza ulifanya lile zoezi la ngazi kwa wiki ngapi, na ulibeba uzito gani.

Na ukishapona, usiache mazoezi siku hiyohiyo. Mimi bado ninapanda na kushuka juu ya kikwembe kilichokunjwa mara mbili kwa wiki, Jumanne na Ijumaa, kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, na mama mkwe wangu, ambaye huuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, katika soko la Kituku na alianza kuumwa mwaka baada yangu, anafanya vivyo hivyo na bidoni la lita tano mkononi.